Mtungi Ulionukuliwa Mara Elfu

Siku chuo kilipomkatia keki, Dokta Hajra Mwinshehe alikuwa na hasira hata kisu kikamtetemeka mkononi, na waliokuwapo wakadhani ni furaha. Keki yenyewe ilikuwa na umbo la mtungi. Mtu fulani ofisini, mwenye akili nyingi za kupamba na chache za kufikiri, aliagiza iandikwe juu yake kwa krimu: "Mara 1,000". Maana yake ni kwamba makala moja aliyoiandika Hajra zamani, kuhusu mitungi ya udongo inayosafisha maji, ilikuwa imetajwa na watafiti wengine wa dunia hii mara elfu. Hakuna mwalimu mwingine pale chuoni, Dar es Salaam, aliyefika hata nusu ya hapo. Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakamlisha kipande. Akameza.

Alimeza kwa shida, kwa sababu wiki chache kabla ya sherehe ile alikuwa amegundua kwamba makala ile si kweli. Si kwamba alitunga. Hajra hajatunga namba hata moja maishani mwake. Lakini maji machafu ni machafu, uwe umedanganya au umekosea, na tumbo la aliyeyanywa haliulizi nia yako ilikuwa nini.

Mtu asiyemjua atasema basi angenyamaza tu, ale keki yake, maana nani angejua? Huyo hamjui Hajra. Amezaliwa Bagamoyo, mtoto wa mchuuzi wa samaki, mama yake akafariki yeye angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwaija, kwenye nyumba ya mawe yenye ua mpana nyuma. Tangu utotoni alikuwa na ulimi usio na breki. Mwalimu wa hesabu alipokosea ubaoni, watoto wengine walinakili kosa, yeye alinyoosha kidole. Alichapwa kwa ajili ya kidole hicho mara nyingi, na kila alipochapwa alikinyoosha tena. Sekondari walimwambia wasichana wa pwani wasome historia na dini, kemia itawachosha. Akachagua kemia kwa hasira tu, kisha akaipenda kweli.

Aliipenda ile kemia isokaboni, ya vitu visivyokuwa na uhai: chumvi, chokaa, kutu, madini. Alisema vitu hivi havina unafiki. Chokaa ikikutana na maji inafanya jambo lilelile, uwe mkubwa au mdogo, uwe umeswali au hujaswali. Mume wake wa kwanza na wa mwisho alimtaka achague kati ya ndoa na maabara. Akachagua siku ileile, wala hakuomba muda wa kufikiri.

Sasa hiyo makala. Wakati anasomea udaktari wake, maabara ya chuo ilikuwa aibu. Maji yalitoka yakipenda, mizani ilikuwa mbovu, na chumba kimoja chenye afadhali kilikuwa na kufuli ya msimamizi wake, Profesa Ridhiwani, ambaye alikitumia kuhifadhi viti vya ofisi. Hajra alikuwa na wazo zuri. Alitaka kupaka mitungi ya kawaida, ile wanayofinyanga wanawake wa Kikwere, kwa uji wa chokaa ya makombe na udongo mwekundu wa Vigwaza, aone kama ule mpako utanasa risasi iliyoyeyuka ndani ya maji. Risasi ni madini mabaya. Haionekani, haina ladha wala harufu, na mtoto akiinywa mwaka mzima inamla akili polepole, mpaka mwalimu anamwita mjinga na mzazi anaamini.

Kwa kuwa chuo hakikuwa na mahali, mitungi akaipanga uani kwa shangazi yake, Bagamoyo. Safu moja imepakwa, safu ya pili haikupakwa, ya kulinganishia, na yote akaijaza maji aliyoyatia risasi. Akamweleza Bi Mwaija kwa makini, maana ndiye angekaa nayo siku ambazo yeye yuko Dar. Akamwambia asiongeze maji, asipunguze, asihamishe mtungi hata mmoja, na tone la maji yale lisiingie kinywani mwa mtu. Akamwambia pia, "Hii iliyopakwa ndiyo watakayokuja kunywea watu siku moja, inshallah. Hii mingine hatainywea mtu, ni ya kulinganishia tu." Bi Mwaija akasema amesikia. Na kweli alisikia, neno kwa neno.

Matokeo yakawa ya kushangaza. Mitungi iliyopakwa ilinasa karibu risasi yote, ile mingine ikaiachia ipite. Hajra akaandika makala, Profesa Ridhiwani akatia jina lake, ingawa mguu wake haukuwahi kukanyaga ule ua hata kwa bahati mbaya. Jarida moja kubwa la nje likaichapisha. Ikaanza kutajwa India, ikatajwa Brazili, ikatajwa Misri. Kila aliyeandika kuhusu maji na udongo akaiweka miongoni mwa makala alizozisoma, au alizodai kuzisoma. Kwenye mtandao kuna mashine ya kuhesabu mambo hayo, inajumlisha usiku na mchana, na kila ilipojumlisha, Ridhiwani alipanda ngazi. Akawa mkuu wa idara, akawa mkuu wa kitivo, mwisho akawa naibu mkuu wa chuo mwenye dhamana ya utafiti. Hajra alibaki anafundisha madarasa ya watu mia nne kwa kipaza sauti kinachokoroma. Hakulalamika sana. Alijua mtungi ni wake.

Kilichomfumbua macho ni mwanafunzi wake wa shahada ya pili, Adila, binti wa Pangani, mpole, mwenye mikono safi kuliko ya mwalimu wake. Chuo sasa kilikuwa na maabara mpya, na Hajra alimpa kazi aliyoiona nyepesi: arudie jaribio lile la mitungi kwa mashine za kisasa, kisha aliendeleze. Adila akarudi na majibu kwamba mitungi iliyopakwa hainasi kitu cha maana. Hajra akamgombeza. Akamwambia rudia. Akarudia, majibu yaleyale. Akamgombeza zaidi, akamuuliza vyombo vyake anaviosha kwa maji ya mtaro nini. Mara ya tatu alimwambia mbele ya wenzake kwamba kama kazi ya mikono imemshinda, Pangani kuna minazi ya kutosha, akaangue nazi. Binti akalia, akatoka, akaacha koti lake jeupe juu ya kiti.

Hajra akalivaa lile koti, akafunga mlango, akalifanya jaribio mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Mitungi haikunasa kitu.

Wiki hiyohiyo palikuwa na hitima ya jamaa yao Bagamoyo. Alikwenda na kichwa kinamuuma. Aliingia kwa mlango wa uani, akamkuta Bi Mwaija amekaa kwenye kigoda, amekifunika chetezo kwa mtungi mpya, kichwa chini miguu juu, moshi wa ubani unavuja pembeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku, usije ukaupiga teke."

"Mtungi wa leo huo?"

"Wa leo. Wageni wengi, na maji hayawi maji mpaka yanukie." Bi Mwaija akapuliza makaa ya vifuu, akatia punje nyingine ya ubani. "Kwa ule wako wa zamani sikuwahi kukusikia ukinishukuru, nami nikakaa kimya. Lakini ubani nilioumalizia pale hauna hesabu."

Hajra alikuwa anavua viatu. Akabaki na kimoja mguuni.

"Mtungi wangu upi, shangazi?"

"Ile mitungi yako ya masomo. Kila Ijumaa nilikuwa ninayahamishia maji kwenye ndoo yake safi, naifukiza mmoja mmoja, nayarudisha maji yaleyale. Sikupunguza tone, kama ulivyosema."

"Yote?"

"Yote ya nini? Ile uliyoipaka. Si ulisema hiyo ndiyo ya kunywea watu?"

"Na ile mingine?"

Bi Mwaija akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kama samaki huoshwa. "Mingine ulisema hainywewi. Nani anafukiza mtungi usionywewa?"

Hajra akaketi pale pale kwenye sakafu ya ua, kiatu kimoja mguuni. Hakuwa na neno la kumgombeza shangazi yake. Mama yule alikuwa amefanya lile linalofanywa na kila mama mwenye adabu kuanzia Bagamoyo mpaka Lamu: maji ya kunywa yanakaa kwenye mtungi uliofukizwa. Mwenye kosa alikuwa yeye. Alizaliwa ndani ya moshi ule, akanywa maji yale tangu ananyonya, na alipokuwa akija kila wiki kuchukua maji ya kupima, pua yake haikumwambia chochote, kwa sababu kwa pua yake hiyo ndiyo harufu ya maji. Angekuja mtu wa Mbeya, au Mzungu mmoja mjinga, angeinama juu ya mtungi mmoja tu na kuuliza, kunanukia nini humu? Yeye, daktari wa kemia, mtoto wa mji, hakuuliza. Na hasira aliyokuwa akimrushia Adila ikamrudia yeye, yote, kwa mkupuo.

Alirudi Dar, akamwita Adila mbele ya walewale wenzake, akamwomba radhi kwa sauti ileile aliyomtukania. Kisha wakafanya kazi pamoja. Wakafukiza mitungi ndani ya maabara mpya mpaka wazima-moto wakaja. Ikawa wazi. Kilichonasa risasi hakikuwa mpako wa chokaa na udongo, ambao Hajra aliuandikia kurasa kumi na mbili za hesabu na michoro. Ni masizi na utomvu wa ubani. Tena unanasa siku chache tu, kisha unashiba, na usipofukizwa upya unaiachia risasi yote irudi majini, mbaya kuliko mwanzo. Uani kwa Bi Mwaija ulikuwa haupati nafasi ya kushiba, kwa sababu Ijumaa haikuwahi kuchelewa.

Kisha Hajra akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ile, wala Ridhiwani hakulifanya, wala aliyeagiza keki. Akawasoma waliomnukuu. Wengi walikuwa wamemtaja kwa sentensi moja ya kupita, kama mtu anavyotaja jina la kijiji ambacho hakushuka. Lakini wapo waliokuwa wamefinyanga mitungi, wakaipaka, wakapima. Na hao, mmoja baada ya mwingine, kwa lugha ya heshima, walikuwa wanasema: tulijaribu kama walivyoandika Mwinshehe na Ridhiwani, hatukupata walichopata. Miaka kumi watu walikuwa wanamwambia mtungi wako hausafishi, na kila alipoambiwa, mashine ilimwongezea moja, na chuo kikapiga makofi.

Kwa hiyo keki ilipokwisha kulika na wapiga picha wakaondoka, alimfuata Profesa Ridhiwani ofisini kwake. Profesa ni mtu mnene, mtaratibu, mwenye sauti ya kubembeleza ambayo imempeleka mbali.

"Profesa, ile makala lazima iondolewe. Nilikwambia kwa simu ukasema tusubiri sherehe. Sherehe imekwisha."

"Keti kwanza, Dokta."

"Jarida linataka tukubali wote wawili. Mimi nimekubali. Bado wewe."

Ridhiwani akafuta krimu kwenye kidole. "Hebu nikuulize. Ulidanganya?"

"Hapana."

"Uliiba kazi ya mtu?"

"Hapana."

"Basi ulikosea, na mwanadamu si malaika. Andika makala nyingine, eleza habari za huo ubani. Nzuri sana, tena ya kienyeji, wafadhili wanapenda. Nayo itanukuliwa. Utakuwa na mbili badala ya moja."

"Waliojaribu wenyewe nimewasoma, Profesa. Karibu wote wanasema haifanyi kazi. Wanatutaja ili watukanushe."

"Lakini wanatutaja." Akatabasamu. "Mashine haisomi, Dokta. Inahesabu."

Hajra alisema baadaye kwamba kama angepigwa kofi pale asingeumia vile. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na kumbe kazi yake yote, macho yake yote yaliyoharibika kwa kusoma, kwa mtu huyu ilikuwa ni namba kwenye kioo.

"Na Msata?" akauliza.

Ridhiwani akaacha kutabasamu. Msata ni pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera, na malori yanasimama hapo mchana kutwa. Panaposimama malori pana betri mbovu, na nyuma ya shule moja ya msingi watu walikuwa wamevunja na kuyeyusha betri kwa miaka mingi, majivu wakayamwaga popote. Kisima cha shule kikaingiwa na risasi. Watoto walipopimwa damu, kisima kikapigwa kufuli, na tangu hapo kila mtoto alikuja na chupa ya maji kutoka nyumbani. Ilikuwa kero, lakini ilikuwa salama. Sasa chuo kilikuwa kimepata mradi wa kupeleka mitungi ya Hajra pale, mitungi iliyopakwa, ya kiwandani, haina moshi wala ubani, ili kisima kifunguliwe. Mgeni rasmi alikwishaalikwa.

"Lori limekwishapakiwa," akasema Ridhiwani.

"Lishushwe."

"Jina lako lipo mezani kwa uprofesa. Mimi ndiye niliyelipeleka, kwa makala hiihii. Baraza linakaa mwezi ujao. Wengi wape, Dokta. Watu elfu wameukubali mtungi, wewe peke yako unaukataa."

"Hao elfu hawanywi maji ya Msata."

"Basi fukizeni huko huko, kama ubani ndiyo dawa."

"Nimekwambia unashiba. Mwalimu akisahau wiki mbili, watoto watakunywa risasi ya mwezi mzima kwa siku moja."

Profesa akainuka, akamfungulia mlango kwa upole, akamwambia apumzike. Hajra akatoka. Akawaandikia wasimamizi wa mradi, wakamjibu kwamba wanaye Profesa Ridhiwani kama msemaji wa utafiti. Akapiga simu wilayani, akaambiwa apitie chuoni kwake. Kila mlango aliogonga ulimwonyesha namba yake mwenyewe: mama, si wewe uliyenukuliwa mara elfu? Sasa unataka nini tena? Heshima yake ndiyo iliyokuwa inamziba mdomo, na hilo lilimkasirisha kuliko kuzibwa na mtu.

Alhamisi ya uzinduzi alipanda basi asubuhi, akafika Msata jua limekwisha pamba moto. Uwanja wa shule umepigwa maturubai, kwaya ya watoto inaimba, mitungi imepangwa kwenye meza yenye kitambaa cha buluu, na kila mmoja una picha ya Hajra imebandikwa tumboni. Hakuna aliyemwalika, lakini nani angemzuia mama mwenye mtungi? Wakampisha kwa heshima, wakampa kiti cha mbele.

Kisima kilikuwa kimefunguliwa tangu jana yake. Maji yamekwisha kujazwa.

Ridhiwani alimwona, akasita kidogo, kisha akaendelea na hotuba yake. Alieleza sayansi ya mtungi kwa ufasaha wa mtu asiyeijua. Akasema Tanzania imeifundisha dunia. Akasema mara elfu, akarudia mara elfu, wazazi wakapiga vigelegele. Kisha akasema kwamba kikombe cha kwanza atakinywa mwanafunzi, ndiyo ishara. Akaitwa binti mmoja wa darasa la pili, amesukwa vizuri kwa ajili ya siku hiyo, soksi nyeupe. Mama yake, Bi Mina, muuza vitumbua wa pale stendi, alikuwa amesimama miongoni mwa wazazi, ameshika simu juu apate picha. Nyuma ya binti, darasa zima likapangwa kwenye foleni, kila mtoto na kikombe chake cha plastiki.

Kwaya ikaanza wimbo tena, mwalimu akachota, akampa mtoto. Mtoto akakinyanyua.

Hajra aliinuka kwenye kiti chake cha heshima. Hakukimbia, lakini alifika. Akakitwaa kikombe mikononi mwa mtoto, taratibu ili asimtishe, akayamwaga maji chini, kwenye mchanga, mbele ya mgeni rasmi.

"Mtungi huu hausafishi maji," akasema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini sauti yake ilikuwa imezoea kuwafikia watu mia nne kipaza sauti kinapokoroma. "Mimi ndiye niliyeutengeneza. Hiyo picha ni yangu. Nilikosea, na nimewaambia wakubwa nilikosea, nao wamewaletea. Mtoto asinywe maji haya. Yana risasi ileile iliyowafanya mfunge kisima."

Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Mgeni rasmi akamwinamia katibu wake. Wazazi wakaanza kunong'ona, na si wote walionong'ona kwa upande wa Hajra. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kwamba wasomi wakigombania vyeo huja kuwafanyia fujo wanyonge. Hajra alimsikia, na neno lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na haki ya kusemwa.

Ridhiwani akakichukua kipaza sauti, akasema kwa sauti yake ya asali. "Wazazi wangu, tulieni. Dokta wetu amechoka. Kazi ni nyingi, na watu wakubwa wa elimu mjue wana mashaka mengi, ndiyo tabia ya elimu. Mtungi huu umethibitishwa. Wataalamu wa dunia nzima wameunukuu. Msiwe na hofu yoyote, maji haya ni safi."

Hajra akarudi mezani. Akachota kata nzima kutoka kwenye mtungi wenye picha yake, akakijaza kile kikombe cha mtoto, akampelekea.

"Basi kunywa, Profesa."

Ridhiwani akakipokea, kwa kuwa kilikuwa kimesogezwa mpaka kifuani pake na asingeweza kukiacha kianguke. Akakitazama ndani.

Bi Mina alikuwa ameshusha simu. Akatoka katikati ya wazazi, akaja mpaka kwenye kamba ya maturubai.

"Kunywa, baba," akasema. "Mwanangu ulikuwa unampa. Kunywa na sisi tuone."

Mwanamume yule aliyesema habari ya vyeo naye akasema kunywa. Kisha wakasema wengine, bila kelele, kama watu wanavyomhimiza mgeni asione haya. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Profesa alikiinua kikombe kidogo, akakishusha.

"Leo ni Alhamisi," akasema kwenye kipaza sauti. "Nimefunga sunna."

Mbele ya kiti chake, juu ya kile kitambaa cha buluu, palikuwa na chupa ya soda aliyokuwa akiinywa tangu wageni walipoketi. Imebaki nusu, na mrija wake ndani. Uwanja mzima uliitazama ile chupa. Mgeni rasmi naye aliitazama, kisha akaufunga mkoba wake.

Hakuna aliyecheka. Bi Mina akaingia chini ya kamba, akamshika mwanawe mkono, akamtoa kwenye foleni. Mzazi wa pili akamfuata, na wa tatu, wakawa wanawaita watoto wao kwa majina, na vikombe vya plastiki vikabaki vimetupwa mchangani. Hajra alikuwa anatetemeka tena mikono, mbele ya watu wote, na safari hii hakuna aliyedhani ni furaha. Mwenyekiti wa kijiji akamwendea mwalimu mkuu, akanyoosha mkono, akadai ufunguo wa kisima.